Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Maporomoko ya Matope na Mawe katika Mabonde ya Maji Moto

Tarehe 6 Agosti 2010, saa tisa na dakika ishirini na saba usiku, kipande kikubwa cha Mlima Meager, ulioko kilomita zipatazo 150 kaskazini mwa Vancouver nchini Kanada, kilimeguka na kuingia katika korongo la Capricorn. Zaidi ya mita za ujazo milioni 48 za mwamba, barafu na matope zilishuka kwa mwendo wa wastani uliokadiriwa kuwa mita 64 kwa sekunde, zikavuka Mto Meager, zikaparamia ukuta wa bonde upande wa pili kwa zaidi ya mita 200, kisha zikafika Mto Lillooet na kuiziba mito yote miwili kwa muda. Safari yote ya kilomita zaidi ya 12 ilikwisha kwa dakika chache. Hakuna aliyekufa, lakini bonde hilohilo lilikwisha kuua tarehe 22 Julai 1975, pale maporomoko yaliyoanzia kwenye barafu ya Devastation yalipowafukia watu wanne waliokuwa katika kazi ya kutafuta jotoardhi.

Nimeanza na mlima wa mbali kwa sababu mabonde machache ya aina hii yamechunguzwa kwa makini kama lile, na kwa sababu tukio la mwaka 2010 linavunja imani ambayo wengi wetu tunayo, kwamba hatari huja na mvua. Usiku ule haikunyesha mvua. Kulikuwa na joto la kiangazi lililokuwa likiyeyusha theluji na barafu kwa siku kadhaa, na mlima uliokuwa umedhoofika kutoka ndani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kuoga, kupiga kambi, kuongoza wageni, kupima ardhi, kuchimba visima vya mvuke au kujenga katika bonde lenye mto na chemchemi za maji moto, na shabaha yake ni kumsaidia afanye maamuzi makubwa kabla hajaingia bondeni.

Kwa nini mabonde haya ni tofauti

Katika mlima wa volkano maji ya mvua huzama ardhini, hupata joto la mwamba wa chini, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba gesi. Gesi inayonuka kama mayai viza, yaani salfidi hidrojeni, inapokutana na hewa na unyevu karibu na uso wa ardhi huzaa asidi ya salfa, nayo asidi hiyo hula madini magumu ya mwamba hadi yakabaki udongo laini wa mfinyanzi. Kazi hii huchukua karne nyingi, na matokeo yake ni mteremko ambao kwa nje una sura ya mwamba lakini kwa ndani umeiva kama muhogo uliochemshwa. Udongo huo wa mfinyanzi pia huziba njia za maji, hivyo maji yanayoingia hukosa pa kutokea, shinikizo lake hupanda, na tabaka moja huanza kuteleza juu ya jingine.

Mfinyanzi una madhara mengine ambayo watu huyasahau. Maporomoko ya mchanga na mawe matupu hupoteza maji yake haraka na kusimama mapema, ilhali yenye mfinyanzi mwingi hushika maji na kuendelea kutiririka hata kwenye ardhi iliyo karibu tambarare. Ndiyo sababu kambi iliyo kilomita kadhaa kutoka mlimani inaweza kuwa ndani ya njia yake. Katika milima yenye barafu, kama Meager, kuna tatizo jingine: barafu iliyokuwa ikiegemeza kuta za bonde imepungua, na kuta zimebaki bila mhimili.

Hatua ya kwanza: tofautisha unachokiogopa

Mafuriko ya kawaida ni maji yenye udongo. Maporomoko ya matope na mawe ni kitu kingine: zaidi ya nusu ya ujazo wake ni mawe, mchanga na udongo, uzito wake unakaribia mara mbili ya uzito wa maji, na mbele yake hutangulia ukuta wa mawe makubwa na magogo. Mwogeleaji hodari hana faida yoyote mbele yake, na gari halielei, linasagwa. Kati ya hayo mawili yako mafuriko mazito yanayobeba mawe mengi bila kuwa tope kamili.

Tofauti hii ina maana katika uamuzi. Katika Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate nchini Kenya, jirani na mitambo ya mvuke ya Olkaria, maji ya moto huchuruzika kutoka kwenye kuta na njia ya kupita ni nyembamba mno mahali pengine. Mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kikundi cha kanisa hapo Aprili 2012, na mwezi Septemba 2019 yakaua watu saba. Kilichowaua ni maji ya kasi ndani ya kuta zisizopandika, na kinga yake ni kutoingia mvua inaponyesha popote katika eneo linalomwaga maji yake korongoni. Kwa maporomoko ya mlima ulioiva kinga hiyo pekee haitoshi, kama tulivyoona Meager.

Hatua ya pili: chunguza mlima ukiwa ungali nyumbani

Fungua ramani yenye mistari ya mwinuko, au picha za setilaiti zinazoonyesha ardhi kwa umbo lake, ukafuate kila kijito kinachoingia katika bonde kuu kutoka mdomoni hadi kileleni. Usiishie kwenye mto unaokwenda kuuona. Hatari kubwa kwa kawaida hukaa katika vijito vya pembeni, vifupi na vyenye mwinuko mkali, ambavyo siku nyingi za mwaka hata jina hatuvipi.

Kipo kipimo chepesi kinachotumiwa na wataalamu wa milima kiitwacho uwiano wa Melton. Chukua tofauti ya kimo kati ya sehemu ya juu kabisa ya eneo linalomwaga maji katika kijito na mdomo wake, igawanye kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa eneo hilo, ukitumia kilomita kote. Kijito chenye tofauti ya kimo ya kilomita 1.5 na eneo la kilomita za mraba 4 kinapata 1.5 kugawanya kwa 2, yaani 0.75. Katika uchunguzi uliofanywa milima ya Kanada magharibi, vijito vifupi vilivyozidi 0.6 vilikuwa na tabia ya kuleta maporomoko ya matope na mawe, vilivyo kati ya 0.3 na 0.6 vililetea watu mafuriko mazito, na vilivyo chini ya hapo mafuriko ya kawaida. Kipimo hiki kitumie kutia alama vijito vya kuogopa, usikitumie kusema kwamba kijito fulani ni salama, kwa sababu mteremko ulioharibiwa na asidi unaweza kumeguka vipande vikubwa kiasi cha kuzipuuza hesabu hizi.

Baada ya hapo tafuta rangi. Mwamba ulioliwa na asidi huonekana mweupe, wa manjano, wa chungwa au mwekundu uliofifia, na mara nyingi hauna mimea katikati ya msitu wa kijani. Ukiona mabaka hayo juu ya korongo lenye mwinuko, pamoja na kovu lenye umbo la mwezi mchanga au nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo wa mteremko, kijito hicho kipe daraja la hatari la juu hata kama wenyeji hawakumbuki tukio lolote. Picha za miaka tofauti zikionyesha kovu linapanuka, ahirisha safari na uwaulize wanajiolojia wa serikali kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: soma ardhi unayotaka kulala

Hapa ndipo pagumu kwa moyo, kwa sababu mahali panapovutia ndipo palipojengwa na maporomoko. Mdomoni mwa korongo, pale mwinuko unapopungua ghafla, mashapo hutandazwa kwa umbo la pepeo: ardhi yenye mteremko mpole, isiyotuama maji, yenye nafasi ya mahema na ya kugeuzia magari. Mtu aliyechoka akiona uwanja wa namna hiyo karibu na bwawa la maji vuguvugu hushusha mizigo bila kuuliza umetoka wapi.

Uulize. Tembea ukitafuta mawe makubwa yaliyokaa juu ya udongo laini, kwani mto wa kawaida haubebi jiwe la ukubwa wa kibanda na kuliacha juu ya matope. Angalia kingo zilizokatwa na mto: mashapo ya mto wa kawaida yamepangika kwa tabaka, mchanga hapa na kokoto pale, lakini mashapo ya maporomoko yamechanganyika hovyo, jiwe kubwa na dogo ndani ya udongo mmoja, kama zege lililomwagwa. Tazama kama kijito kimepakana na matuta mawili ya mawe yanayokwenda sambamba nacho, maana matuta hayo huachwa na ukingo wa tope linalopita. Miti nayo husema mengi. Yenye makovu upande unaotazama mlimani, iliyofukiwa mashina, au kundi la miti ya umri mmoja katikati ya msitu mkongwe, inakuambia kwamba kitu kilipita hapa na takriban lini.

Wazee wa mahali waulizwe kwa maswali yanayojibika. Ukiuliza kama kuna hatari utajibiwa kwamba hakuna. Ukiuliza ni mwaka gani mto ulihama, daraja la zamani lilikuwa wapi, na kwa nini hakuna anayelima upande ule, utapata historia ya bonde kwa nusu saa.

Hatua ya nne: pima mvua, joto na mitetemo

Kuhusu mvua, mwaka 1980 mtafiti Nel Caine alilinganisha matukio ya sehemu mbalimbali za dunia na kupata mstari wa chini ambao juu yake maporomoko ya udongo yalianza kutokea. Kwa hesabu yake, mvua ya saa moja inayokaribia milimita 15, ya saa sita inayofikia jumla ya milimita 44 hivi, au ya siku nzima inayofikia milimita 103 hivi, imeingia katika eneo la hatari. Ichukulie kama kengele ya kwanza. Ardhi iliyokwisha kushiba mvua ya wiki kadhaa huhitaji kiasi kidogo zaidi, na kipimo kilichowekwa kambini hakijui kilichonyesha mlimani.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa madaraja ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ushauri wangu ni kwamba mtu wa bonde la maji moto asogeze kila daraja hatua moja mbele: angalizo likitolewa asilale bondeni, na tahadhari ikitolewa asiingie kabisa.

Tukio la Hanang ni la kukumbukwa hapa. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilimegua sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara, volkano ya zamani isiyo hai, na tope likafuata mikondo ya maji hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba mwamba dhaifu ulifyonza maji hadi ukameguka, na kwamba hakukuwa na mlipuko wa volkano. Kwa maneno mengine, mlima hauhitaji kuwa na moto ili udongo wake wa volkano uwe hatari. Joto la ardhini likiongezeka juu ya hali hiyo, udhaifu huzidi.

Katika milima yenye theluji, siku kadhaa za joto mfululizo zihesabiwe kama mvua kubwa, na saa za mchana na jioni ziepukwe zaidi, ingawa maporomoko ya Meager ya mwaka 2010 yalitokea usiku wa manane. Tetemeko la ardhi, hata dogo, linatosha kufunga safari. Mabadiliko ya chemchemi zenyewe pia ni habari: maji kuchafuka bila mvua, kupungua ghafla, kupata joto zaidi au mvuke kutokea mahali papya.

Hatua ya tano: chagua mahali na njia ya kukimbilia

Kanuni ni fupi. Lala juu ya kitako cha mwamba au mgongo wa ardhi uliojitenga na midomo ya makorongo, na uliotenganishwa na mto kwa kimo kikubwa kuliko alama ya juu kabisa ya tope unayoweza kuiona. Epuka upande wa nje wa kona ya bonde, kwa sababu tope linalokwenda kasi hupanda ukingo wa nje kama gari linavyovutwa nje ya barabara kwenye kona. Epuka pia ukuta unaotazamana na mdomo wa korongo la pembeni. Hapo ndipo maporomoko ya Capricorn yaliporuka juu zaidi ya mita 200.

Ukishachagua, tembea njia ya kukimbilia mchana, kisha uitembee tena usiku ukiwa na tochi. Kama inachukua zaidi ya dakika mbili hadi kufika mahali salama, kambi iko pabaya. Magari yaegeshwe yakitazama njia ya kutokea, lakini yasihesabiwe kuwa njia ya kujiokoa, kwa kuwa barabara za mabonde haya karibu zote huvuka vijito, na kivuko ndicho kitu cha kwanza kuondoka. Acha ujumbe kwa mtu aliye nje ya bonde ukitaja mahali utakapolala na saa ya kurudi, na mahali pasipo na mtandao chukua simu ya setilaiti. Kila mtu awe na filimbi shingoni. Kundi kubwa liweke zamu ya usiku, na mlinzi awe na mamlaka ya kuamsha watu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuoga kwenye chemchemi iliyo kando ya mto ni jambo la muda mfupi, na hatari yake ni ndogo kuliko ya kulala palepale kwa saa nane. Nenda asubuhi, hali ya hewa ikiwa shwari, oga, kisha panda.

Hatua ya sita: jua dalili za dakika za mwisho

Dalili mbaya kuliko zote huonekana kama nafuu: mto unapungua ghafla ilhali mvua inanyesha au joto ni kali. Maana yake ni kwamba huko juu umezibwa. Usishuke kutazama. Nyingine ni maji kugeuka rangi ya kahawa nzito, vijiti na majani mabichi kuongezeka, harufu kali ya udongo mbichi au ya miti iliyovunjika, mawe kugongana chini ya maji, na mngurumo unaofanana na malori mengi yakipanda mlima. Ardhi inapotetemeka miguuni, muda wa kufikiri umekwisha.

Hatua ya saba: likifika

Kimbia kuelekea pembeni na juu, ukikata njia ya tope kwa pembe ya mraba. Usikimbie kufuata mto, wala usijaribu kuvuka upande wa pili hata kama hema lako au mwenzako yuko huko. Acha mizigo yote. Kama umekwama ndani ya jengo na hakuna njia ya nje, panda ghorofa ya juu, upande ulio mbali na mlima. Mti si kimbilio.

Ukifika juu, kaa huko. Maporomoko huja kwa mawimbi, na baina ya wimbi moja na jingine hupita dakika kadhaa au saa, kimya kikawadanganya watu warudi kutafuta simu na viatu. Hesabu watu kwa majina, piga filimbi, na utoe taarifa mapema: nchini Tanzania kwa namba 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, nchini Kenya kwa 999 au 112.

Hatua ya nane: baada ya kutulia

Tope likiziba mto, maji hujikusanya nyuma yake. Mwaka 2010 kizuizi cha Mto Meager kilidumu kwa saa zipatazo 19, na wakati huo watu wapatao 1,500 wa bonde la Pemberton, makumi ya kilomita chini, walitakiwa kuondoka majumbani kwa hofu ya kizuizi kupasuka. Katika Bonde la Chemchemi Rukaji la Kamchatka nchini Urusi, maporomoko ya tarehe 3 Juni 2007 yaliziba Mto Geysernaya na kuzamisha baadhi ya chemchemi. Siku chache baadaye maji yalikata sehemu ya kizuizi na ziwa likashuka. Kwa hiyo wajulishe kwanza wakazi wa chini, kabla ya kuanza kupiga picha za hasara.

Jihadhari na gesi. Salfidi hidrojeni na kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni na mashimoni, na ardhi iliyomeguka inaweza kuwa imefungua matundu mapya. Ile ya kwanza ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, hivyo kukoma kwa harufu hakumaanishi usalama. Usitembee juu ya tope bichi, hata likionekana limekauka, kwani gome la juu hufunika uji wa kina usiojulikana, na karibu na chemchemi uji huo unaweza kuwa wa moto wa kuunguza.

Kwa wanaojenga na kuchimba

Timu ya jotoardhi iko katika hali ngumu kuliko mtalii, kwa sababu rasilimali yenyewe ndiyo inayodhoofisha mlima, na waliokufa mwaka 1975 walikuwa kazini. Visima vinaweza kuchimbwa kwa mshazari kutoka mahali salama, kwa hiyo mtambo, karakana na hasa mabweni visilazimike kukaa juu ya chemchemi. Mabweni ndiyo ya kwanza kuondolewa bondeni, kwa kuwa mtu aliyelala hasikii mngurumo. Wekeni kipimo cha mvua na cha joto juu ya mlima, mkubaliane kabla ya msimu ni kiwango gani kinasimamisha kazi, na uamuzi huo apewe mtu asiyelipwa kwa mita zilizochimbwa. Nyaya za kukatika zinazotandazwa juu ya korongo ili zipige king'ora zikikatwa na tope zinafaa pale tu ambapo muda kati ya king'ora na tope unawatosha watu kupanda. Pimeni muda huo kwa saa mkononi, kwa kumtembeza mfanyakazi mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, akiwa amevaa buti na kofia ya kazi, usiku.